Tundu la Pembeni

Wiki tatu nzima nilitembea mtaani kwetu Mwanga, Kigoma, nikiwa na nyusi moja ya Mungu na nyingine ya wanja. Ya Mungu ni ya kulia. Ya kushoto alikuwa ananichora mama watoto kila asubuhi kabla sijaenda kufungua kibanda, na aliichora kulingana na alivyoamka. Akiamka na furaha, inakaa sawa na mwenzake. Tukiwa tumenuniana, anaipandisha juu kama ya mtu aliyeletewa taarifa ya msiba, na mimi nashinda siku nzima naulizwa na wateja, "Fundi, vipi, ndiyo imeshindikana?" hata kabla sijafungua redio yenyewe.

Chanzo ni shemeji. Mdogo wake mama watoto anauza vifaa vya umeme Kariakoo, na kila akija Kigoma hupenda kuniletea kitu cha kunishangaza. Safari hiyo alipiga simu kabla ya kupanda treni. "Shemeji, nakuletea soldaringi ya gesi!" Mtandao ukakatika hapo hapo. Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika, na wanangu watatu walisikia "soda" na wakasikia "gesi", na kwao hivyo viwili ni kitu kimoja. Siku ya kumpokea waliondoka nyumbani na vikombe.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini kwa jinsi wanangu walivyolikodolea macho lile behewa ungedhani ndiyo inafika siku ile. Shemeji akashuka, akafungua begi mbele yao, akatoa kitu cheusi kama kalamu nene, chenye ncha inayong'aa. Yule mdogo akachungulia ndani ya kikombe chake, akatazama lile likalamu, akachungulia tena kikombe, halafu akaangua kilio ambacho abiria wengine walidhani tumeshusha maiti.

Mimi nilikuwa karibu kulia pia, kwa furaha. Kwa asiyejua kazi yetu nieleze kidogo. Fundi redio asiye na umeme ni mtu tu aliyekaa na redio mbovu za watu. Chuma changu cha kulehemu, yaani soldaringi, ni cha wati 60, cha kuchomeka ukutani, na umeme ukikatika kinageuka kijiti. Zamani nilikuwa natumia njia aliyonifundisha fundi wangu: unachomeka kipande cha shaba kwenye jiko la mkaa, kikiiva unakimbia nacho, unagusisha risasi, ule waya laini wa kuungia, na kabla hujamaliza kimepoa, unarudi jikoni. Kuunga waya tano ilikuwa ni mazoezi ya viungo. Nilipungua kilo kwa sababu ya redio.

Sasa hiki cha gesi hakihitaji ukuta wala mkaa. Mpini wake ni tangi, na gesi yake ni butani, ile ile ya viberiti. Chini kuna vali ya kujazia. Ukifungua gesi na kubonyeza, cheche inaruka na moto unatokea ubavuni. Unasubiri kidogo, unakata gesi kwa sekunde moja, moto unazima, unaiachia tena. Safari hii moto haurudi. Ndani ya shingo kuna kitu kidogo chenye platinamu, na kile kikishapata joto kinaichoma gesi bila mwali wowote, kinabaki chekundu tu kama kaa lililofichwa. Ncha inapata joto, risasi inayeyuka, na wewe umekaa popote unapotaka, hata juu ya mwembe.

Hewa iliyokwisha kuungua nayo lazima itoke mahali. Inatokea kwenye tundu dogo pembeni ya shingo, karibu na ncha. Tundu lenyewe dogo, punje ya mchele haipiti vizuri. Naomba mlikumbuke.

"Kuna karatasi ya maelekezo humo," shemeji aliniambia.

"Shemeji," nikamjibu, "mimi ni fundi."

Karatasi wakaichukua watoto, wakakunja mashua. Ilikuwa haki yao, hawakupata soda.

Nyusi iliondoka kesho yake. Mbele ya kibanda changu kuna kijiwe cha kahawa, na mimi nilitaka kukifungulia kile chuma mbele ya watu. Nikanunua chupa ya gesi ya kujazia viberiti, nikakaa kwenye benchi, muuza kahawa kulia kwangu na jiko lake, wazee na kashata zao kushoto. Unavyojaza ni hivi: chuma unakigeuza makalio juu, chupa unaigeuza kichwa chini, unakandamiza wima. Wima, si mshazari. Mimi nilikandamiza mshazari kwa sababu nilikuwa nageuka kuwaangalia kama wananiangalia. Gesi ikawa inavuja pembeni, *ssss*, inanigandisha vidole kama barafu, na mimi nawaelezea wazee, "Hiyo baridi ndiyo dalili kwamba inaingia."

Haikuwa inaingia. Na butani ni nzito kuliko hewa, haipandi juu kama moshi. Inatambaa chini kama mtu anayemkwepa anayemdai. Ikatambaa chini ya benchi taratibu mpaka kwenye jiko la kahawa.

*Fuuup!*

Sikuumia. Nilisikia tu joto limepita usoni kama basi, halafu harufu ya kuku anayebabuliwa manyoya. Kijiwe kizima kilikuwa kimesimama. Muuza kahawa akainua birika lake, akalitazama.

"Fundi," akasema, "imechemka mara moja tu. Asante. Ila usirudie."

Mzee mmoja akanisogelea, akaniangalia uso kwa muda mrefu, akasema nyusi huota, tatizo ni kwamba hazina haraka. Nikarudi nyumbani nimeshika paji la uso. Mama watoto hakusema neno. Alicheka mpaka akakaa chini, akanyamaza, akaniangalia, akaanza upya. Ndipo akaenda kuleta wanja.

Lakini nitendee haki na mimi. Baada ya ule mkosi nilikijua kile chuma. Nikajifunza kujaza mbali na moto, na kusubiri dakika chache kabla ya kuwasha ili tangi lipate joto lake. Umeme ukikatika Mwanga, mafundi wenzangu wanafunga, mimi nafungua. Nikaanza kuitwa fundi mwenye moto wa mfukoni. Nilitembea nacho mfuko wa shati kama daktari. Siku moja nilikirudishia kifuniko kabla hakijapoa, kifuniko kikayeyuka kikamwagika kama ugali mwepesi, sikujali. Sifa ni kitu kibaya sana, inakupa usingizi ukiwa unatembea.

Ndipo akaja tajiri wa Kibirizi.

Huku mwenye mitumbwi na nyavu tunamwita tajiri, hata kama siku hiyo hana nauli. Huyu alikuwa tajiri kweli. Alikuja saa kumi jioni na bodaboda, hakushuka.

"Fundi, shikilia vitu vyako twende. Leo ndiyo giza lenyewe, na taa zangu nne haziwaki."

Kwa wasiotoka huku: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mnakwenda mbali na ufukwe kwenye giza, mnawasha taa juu ya maji, dagaa wanakuja kuushangaa mwanga, na wavu uko chini yao unasubiri. Mwezi ukiwa mpevu hamuendi, maana dagaa hawawezi kushangaa taa yako wakati wana ya Mungu juu. Kwa hiyo usiku wa giza ni mali, na usiku wa giza bila taa ni kilio. Zamani zilikuwa karabai, zinapigwa pampu na kunywa mafuta ya taa. Siku hizi ni balbu za LED na betri ya volti 12. Zinawaka vizuri sana, ila mawimbi yanatikisa, unyevu unakula, na waya hukatika pale pale miguuni, zinapoungana na taa.

Taa nne, kila moja waya mbili. Viungo vinane. Kibirizi pale ufukweni hakuna pa kuchomeka kitu. Nani mwingine angeitwa?

Tulifika jua limeanza kuelekea milima ya Kongo. Kina mama walikuwa wanakusanya dagaa waliokaushwa juu ya mchanga, boti ya kwenda upande wa Gombe inapakia magunia, mabaharia wa tajiri, vijana sita, wamekaa wamejishika mashavu. Upepo ulikuwa unatoka ziwani kwa nguvu. Nikatafuta pa kukaa. Mchanga ulikuwa bado wa moto. Pembeni ya mtumbwi kulikuwa na wavu umekunjwa, mkunjo juu ya mkunjo, umeinuka kama godoro la wageni. Nikaukalia. Sijawahi kukalia kitu kizuri namna ile. Nilimhurumia aliyebuni viti.

Nikawasha. Kijana mmoja aliyekuwa karibu akaruka nyuma, maana habari za kijiwe zilikuwa zimeshafika Kibirizi. Nikamtuliza kwa mkono, kitaalamu. Moto ukazima, wekundu ukabaki, nikaugeuzia upepo mgongo, nikakumbatia taa ya kwanza mapajani.

Waya za betri ni nene. Si kama za redio, unagusa na kuondoka. Zinakunywa joto, unashika ncha pale mpaka unahesabu thelathini, wakati mwingine hamsini, ndipo risasi inakubali kulainika na kupenya. Mkono ukikaa hewani muda wote huo unatetemeka. Basi mimi nikaulaza mkono wangu wa kulia juu ya ule wavu, ukapumzika vizuri kabisa, ncha ikawa juu ya taa na macho yangu yote kwenye ncha. Kiungo kikiisha nasogea kidogo, naulaza mkono mahali papya, naanza kingine.

Hakuna aliyekuwa anaangalia tundu.

Kwenye kiungo cha tatu yule kijana akanusa hewa. "Fundi, kuna kitu kinanuka."

"Hiyo ni rozini," nikamwambia. "Iko ndani ya waya wa risasi. Ni utomvu wa msonobari. Utazoea."

Akanyamaza. Kwenye kiungo cha tano akanusa tena. "Mimi naona kama ni wavu."

"Wavu unanuka nini?"

"Samaki."

"Sasa hii inanuka samaki?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi si wavu."

Mabaharia wenzake wakamcheka. Mimi nikacheka pia, nyusi yangu ya wanja ikipanda na kushuka. Mpaka leo nikikutana na yule kijana natazama upande mwingine.

Giza lilipoanza kuingia nilikuwa nimemaliza. Tajiri akagusisha taa ya kwanza kwenye betri, ikawaka. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ufukwe ukawa mweupe, kina mama wakapiga vigelegele, mtoto mmoja akaanza kucheza. Tajiri akanipa mkono, akanipa na pesa yangu pale pale bila kupunguza hata mia. Vijana wakabeba wavu haraka haraka kwenye giza, wakautupa mtumbwini, wakasukuma.

Usiku nilimtoa mama watoto nje, tukasimama mahali ziwa linaonekana. Taa za wavuvi zilikuwa zimetapakaa huko mbali kama mji uliojengwa juu ya maji.

"Unaziona zile nne za kushoto?" nikamuuliza. "Zile zinazong'aa kuliko zote?"

"Naona."

"Ni zangu."

Akaniegemea. Siku hiyo nililala mtu mwenye heshima zake. Natamani ningefia usingizini.

Alfajiri mlango ukagongwa. Alikuwa yule kijana wa harufu. "Fundi, tajiri anakuita. Njoo na kile chuma."

Nikadhani wanataka kupiga picha.

Kibirizi nilikuta watu wamekusanyika chini ya mti, wavu umetandazwa wote juu ya mchanga, na tajiri anazunguka kama mtu anayepima kiwanja. Baharia mkubwa ndiye aliyesimulia, na aliwasimulia wote, maana kila aliyefika alianza upya. Taa, alisema, hajawahi kuona. Dagaa walikuja mpaka maji yakabadilika rangi, walikuja ambao hata hawakualikwa. Wakauvuta wavu. Wakausikia uzito, wakaanza kuimba. Halafu uzito ukapungua. Halafu ukapungua tena. "Wavu ukatoka majini," alisema, "kama mtu anayetoka kuoga. Dagaa walikuja juu, wakatuona, wakashuka mmoja mmoja kwa utaratibu, kama wanafunzi wametoka darasani." Na chini, migebuka waliokuwa wanazunguka wakisubiri riziki wakala karamu ya harusi. Usiku kucha. Walichopata wao ni ndoo moja na nusu, na ile nusu ilikuwa maji.

Matundu yalikuwa mengi. Mengine yanapitisha chungwa, mengine ngumi. Yalipangana kwa safu, makubwa, ya kati, madogo, halafu yanaanza upya, kama mtu ametia nakshi.

"Panya," alisema mmoja.

Moyo wangu ukapumua. "Panya," nikasema, "ni wanyama wabaya sana."

Tukamjadili panya. Mwingine akasema si panya, ni jirani mwenye kijicho, maana mwezi uliopita tajiri alipata kuliko wote. Nikasema na jirani pia anawezekana. Mwingine akashusha sauti, akasema matundu kupangwa safu namna ile si kazi ya binadamu, na mimi nikaafiki kwa kichwa kwa huzuni, nikiwa tayari kuamini jini, nyoka, serikali ya Wajerumani, chochote.

Ndipo akaitwa Babu.

Babu ndiye mshona nyavu wa pale, mzee ambaye vidole vyake vinashona huku yeye anasinzia. Hakuangalia safu wala ukubwa. Alichuchumaa, akashika ukingo wa tundu moja, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akaupitisha tena. Akashika la pili. Watu wote kimya.

"Panya akikata," alisema, "nyuzi zinabaki na ndevu. Hizi hazina ndevu. Zina chunusi." Akamkabidhi tajiri ashike. Kweli, kila uzi ulikuwa na kijidonge kigumu mwishoni, kimeyeyuka kikaganda. "Panya hana moto."

Hakuna aliyenitaja. Walinigeukia tu, wote kwa mara moja, kama alizeti.

Nilijaribu kutabasamu. Jua lilikuwa limeshapanda, na mimi nikitishika hutoka jasho la kichwani. Likateremka kwenye paji la uso, likaichukua nyusi ya kushoto, likaanza kushuka nayo shavuni taratibu. Sikujua. Nilichoona ni kwamba uso wa tajiri unabadilika kutoka hasira kwenda mashaka kwenda kitu kama hofu.

"Fundi," akaniuliza, "unalia wino?"

Nikajifuta kwa kiganja, nikaitandaza mpaka sikioni. Mama mmoja wa dagaa akaangusha ungo. Yule kijana wa harufu akakaa chini, akaficha uso katikati ya magoti, mabega yanatikisika. Nikiri kwamba nyusi ile iliniokoa. Huwezi kumpiga mtu ambaye uso wake unamwagika.

Tajiri akaagiza nikiwashe kile chuma. Nikakiwasha. Babu akachukua kipande cha uzi chakavu, akakisogeza kwenye ncha, kisha akakirudisha. Akakizungusha chuma mkononi mwangu mpaka akaliona tundu la pembeni. Akasogeza uzi hapo, bila hata kugusa. Uzi ukajikunja, ukarudi nyuma kama konokono aliyetiwa chumvi.

"Aha," akasema Babu.

Sasa ndipo hesabu ikafanywa mbele yangu, na mimi mwenyewe niliyejigamba fundi nikaelewa kwa kuchelewa. Risasi niliyotumia, ya bati 60 kwa 40, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za joto. Nailoni inataka nyuzi mia mbili na kitu. Pumzi inayotoka kwenye lile tundu inazipita zote mbili bila kupiga hodi, na mimi niliilaza juu ya wavu, mara nane, kila mara nikihesabu mpaka hamsini. Nyuzi za joto zikala nyuzi za wavu. Lakini vipi mara nane zizae matundu yote yale? Babu akachukua kanga ya yule mama wa ungo, akaikunja mara tatu, akaichoma kwa kidole. Wavu ulikuwa umekunjwa. Kila pumzi ilizama mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka ilipochoka. Walihesabu matundu 53. Yule kijana alihesabu mara mbili, kwa raha zake.

Tajiri akanyoosha mkono. Nikampa zile pesa alizonilipa jana, noti zile zile, hazijakunjuliwa. Akazihesabu.

"Hizi ni za taa," akasema, akanirudishia. "Taa umetengeneza, haki yako." Nikazipokea. Akanyoosha mkono tena. "Sasa nipe za wavu." Nikazirudisha. Pesa zile zilisafiri sana bila kufika popote.

"Na hazitoshi," akaongeza. "Utakaa na Babu."

Nilikaa na Babu siku kumi na moja. Asubuhi Mwanga kwenye redio, mchana Kibirizi chini ya mti na sindano ya mti na donge la uzi. Kushona wavu si mchezo: kuna kibao cha kupimia jicho, kuna fundo ambalo usipolikaza linateleza, ukilikaza sana jicho linapinda, na Babu anasinzia lakini ukikosea anaamka. Vidole vyangu, vilivyozoea vitu visivyopiga kelele, vilikatwa na nailoni mpaka nikashindwa kushika kijiko. Boti za Gombe zilipita, abiria wakauliza yule ni nani, na watoto wa Kibirizi wakawajibu kwa sauti: "Ni Fundi Tundu!"

Siku moja nilikata tamaa kabisa, nikaweka sindano chini. Babu bila kufumbua macho akanyoosha kidevu kuelekea bandarini.

"Meli ya Liemba unaifahamu?"

"Nani asiyeifahamu."

"Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, wakaipaka grisi mashine zake kwanza zisioze. Ikakaa chini ya maji mpaka 1924 ndipo ikaibuliwa. Ikarudi kazini 1927." Akanyamaza kidogo. "Wewe umezama wiki moja tu. Na grisi unayo, usoni."

Kweli nilikuwa nayo. Mama watoto siku hizo alikuwa ameamua wanja hautoshi, akawa anachanganya na mafuta ili udumu.

Mwezi ukaja ukajaa, mitumbwi ikalala, na wavu ukaisha. Nilikata uzi wa mwisho kwa meno. Babu akauvuta huku, akauvuta kule, akasema, "Utavua." Kwa Babu hiyo ni hotuba.

Ila kulikuwa na jambo moja. Tangu siku ya kesi Babu alikuwa amekishika kile chuma na hajakirudisha. Mwanzo nilidhani ni kielelezo. Halafu nikaona. Ncha za kamba za nailoni zikikatwa huwa zinachanua, na siku zote walikuwa wanazibabua kwa kiberiti, upepo unazima, wanawasha tena, wanaungua vidole, wanatukana. Babu alikuwa anawasha kile chuma, anazimisha mwali kwa utaratibu niliomfundisha mwenyewe, anasogeza ncha ya kamba kwenye tundu la pembeni, anahesabu moja, mbili, na kamba inafunga safi, ngumu, haichanui tena. Upepo unapuliza, yeye hana habari. Ncha yenyewe ya kulehemu, ambayo shemeji aliisafirisha kutoka Dar kwa ajili yangu, hakuigusa hata siku moja.

Habari zikaenea. Wakaanza kuja kutoka Katonga na kamba zao. Wakaja wa Ujiji. Mmoja alikuja na turubai zima. Babu akawa anatoza, kidogo tu, na foleni inafika mpaka kwenye chanja za dagaa. Nilipokwenda kuulizia chuma changu niliambiwa nisubiri, kiko kazini. Nilipokwenda mara ya pili niliambiwa nishike namba.

Nimerudi kwenye chuma changu cha wati 60. Umeme ukikatika nafunga kama wenzangu, nakaa kijiweni na kahawa, upande wa mbali na jiko, maana muuza kahawa ameniwekea mpaka kwa chaki. Nyusi imeota, ingawa imeota na nywele nyeupe mbili ambazo hazikuwepo.

Juzi nilikuwa nimefungua redio ya mteja, skrubu zote mezani, nikaona mtoto wa Kibirizi amesimama mlangoni anahema.

"Shikamoo Fundi Tundu."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Babu anasema gesi imekwisha."

Nikaweka bisibisi chini, moyo ukanidunda kwa matumaini. "Kwa hiyo anasema nije kukichukua?"

Mtoto akanishangaa. "Hapana. Anasema upeleke chupa mbili. Na usije ukajaza wewe."